Habari za Bright Mziba-Pancha na Troti Iliyotakiwa Mkekani

Nyamazeni kidogo, enyi watu wa bonde la Nyamwamba, nanyi wa tambarare za Muhokya, nanyi mnaovua Hamukungu. Zimeni redio, epueni sufuria, mwenye mtoto anayelia na ampe ziwa, kwa maana nataka kusema habari za vita ambavyo hakuna serikali iliyoviandika. Watunzi wa kale walipotaka kusimulia mambo makubwa waliagiza kwanza wino wa Shamu na karatasi ya mbali. Mimi Kathembo wa Muhokya nina kalamu niliyopewa kwenye semina ya kahawa na upande mweupe wa kalenda ya mwaka jana, na hivyo vinanitosha. Ewe Mola mpaji wa maneno, ulinde ulimi wangu nisiongeze chumvi, kwa kuwa kwetu na Katwe ni karibu, na chumvi hupatikana kwa urahisi.

Alikuwapo basi Muhokya, kando ya lami iendayo Kongo, shujaa aitwaye Bright. Bright Mziba-Pancha, Mshinda-Misumari, ambaye malori makubwa yalimjia yakichechemea na kuondoka yakiimba. Mkono wake wa kuume ulishika nyundo, wa kushoto ulishika gundi, na moyo wake ulishikwa na Shallon wa Kilembe, mwalimu wa chekechea, Shallon Mwenye Cheko la Polepole. Siku Shallon alipokubali posa, Bright aliziba tairi la mtu bure, kisha akamshukuru mwenye tairi, ndipo sisi rafiki zake tukajua kijana amekwisha.

Sasa niitaje ngome. Shallon alikaa katika nyumba za zamani za mgodi wa shaba pamoja na shangazi yake, Musoki Mwenye Jicho, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Siku ya mahari Musoki alitandika mkeka barazani, na kila kilichotajwa kikapita juu ya mkeka ule: mbuzi wakafunguliwa midomo wakatazamwa meno, jembe likagongwa likasikilizwa mlio, chumvi ikaonjwa, na blanketi aliloletewa yeye mwenyewe kama mlezi likanyooshwa juani kutafutwa tundu. Ndiyo sheria ya mashangazi wa kwetu, kwamba kilichotajwa kionekane, na kisichoonekana hakikutolewa. Aliyeshika kamba ya mbuzi siku ile ni mimi, na alama ya pembe bado ninayo pajani.

Mambo yote yakakubaliwa, arusi ikapangwa Jumamosi, nasi tukadhani vita vimekwisha. Kumbe ndiyo kwanza vinaanza.

Mwajua mwaka ule mto Nyamwamba ulipokasirika ukashuka na mawe makubwa kama nyumba. Basi katika kanisa dogo la akina Shallon maji yaliingia bila kubisha hodi, yakabeba vitabu vyote vya ibada vya Lhukonzo, lugha yetu, na havijarudi mpaka leo. Vilivyosalia ni vijitabu vya Kiingereza vilivyokuwa juu ya kabati, vilivyoachwa na mmisionari wa siku za shaba; na Kiingereza chake si hiki cha simu na cha mpira, bali ni babu yake, amevaa koti refu na anatembelea fimbo. Mchungaji Yosamu, Yosamu Mwenye Sauti, alikuwa akikisoma vizuri mno. Kukielewa ni habari nyingine, wala hapakuwa na aliyewahi kumuuliza.

Siku ya Alhamisi tukakutana kanisani kufanya mazoezi ya arusi. Mchungaji akatamka, maharusi wakafuatisha. Ikavuma sauti ya Yosamu hadi popo wakajikunyata darini. Wakafika mahali ambapo bwana arusi anasema kwamba anampa bibi arusi troth yake. Bright akalisema neno lile kwa kifua mbele, kama mtu anayejua.

Ndipo Musoki akasimama kutoka benchi la mbele.

"Mchungaji, samahani. Huyu kijana amesema anapeana nini?"

"Troth, mama."

"Hiyo troti iko wapi? Mimi nilipokea mbuzi, nilipokea jembe, nilipokea chumvi na blanketi. Troti sijaona. Haikupita kwa mkeka yangu."

Mchungaji akafungua kijitabu, akakifunga, akakifungua tena mahali pengine. "Mama," akasema, "ni kitu cha heshima sana. Ni cha zamani."

"Kama iko na heshima kushinda mbuzi, basi ilifaa kuja mbele ya mbuzi."

Wakaulizwa waliokuwapo. Mkuu wa kwaya akasema anadhani ni mkufu wa shingoni. Mzee wa kanisa akasema hapana, ni namna ya joho, alipata kuliona kwenye picha. Bright akatoa simu yake kutafuta, lakini mtandao wa bonde lile huja ukipenda, na siku ile haukupenda. Mimi nami, kwa akili yangu fupi, nikashauri kwamba neno lenyewe ni moja tu, tuliruke, twende kwenye pete.

"Wewe wa kamba, nyamaza," akasema Musoki. "Mutu akitaja mbuzi mbele yangu, halafu aseme tuiruke, huyo mbuzi ameshauza."

Kisha akageuka akatutazama sote, na sauti yake ikashuka.

"Sikilizeni. Mimi pia nilisimama hapo mbele, na kitabu ilikuwa hii hii. Mume wangu alisema hiyo neno kwa Kiingereza, watu wakapiga makofi, na mimi nikafurahi nikijua nimepewa kitu. Tukakaa miaka kidogo, akasema anaenda Kampala kutafuta spea ya baiskeli. Mpaka leo. Tangu siku hiyo najiuliza, ile kitu alinipa kanisani ilikuwa nini, na niliiweka wapi mpaka ikanipotea? Nimefagia hii nyumba, nimetafuta. Sasa huyu mutoto ni wangu. Hatatoka mlangoni kwangu Jumamosi mpaka hiyo troti ilale kwa mkeka, niione na hii macho yangu."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi, ambaye hucheka matangani, nilitazama viatu vyangu.

Shallon akamsogelea Bright akasema taratibu, "Mimi sibishani na shangazi. Na mimi nataka kujua. Unanipa kitu sijui hata nitakiweka kabatini au chini ya kitanda. Halafu ona hapa chini, imeandikwa kwamba na mimi nakupa ya kwangu. Mimi natoa nini?" Bright hakujifanya anajua. Alisema tu kwamba kesho yake ingekuwa siku ya soko Bwera, kule mpakani, na kisichopatikana Bwera hakijatengenezwa.

Ijumaa asubuhi tukatoka Kilembe tulikolala. Bright alikuwa amepanda Vumilia, pikipiki yake nyekundu, isiyorudi nyuma kwa sababu gia zake zina mawazo yake. Nami nilikuwa nyuma kama mshauri wa vita. Tukapita Muhokya kwetu bila kusalimia mtu, kwa maana askari aendaye vitani hasimami kunywa chai. Tukavuka mstari wa ikweta tukiwa tumeketi. Huko mbugani tembo mmoja akatuzuia, akila majani bila haraka katikati ya lami, nasi tukamngoja kwa adabu kubwa, Bright akiwa amezima pikipiki na mimi nikiwa nimejificha nyuma ya Bright. Nataka iandikwe kwamba hatukukimbia. Vumilia ilikuwa imekataa kuwaka.

Lo, soko la Bwera siku ya Ijumaa! Hapo mataifa mawili hukutana kugombania bei ya maharage, hapo mikokoteni hupita juu ya vidole vya wakubwa na wadogo bila ubaguzi. Muuzaji wa Bwera hakosi kitu, na ukimuuliza kitu asichokijua ndipo anacho zaidi. Tulimuuliza mmoja aliyevuka kutoka ng'ambo ya mto, mwenye meza ya vyombo vya shaba.

"Troti? Iko, mon frère. Batu yote ya mariage, ya ndoa, beko nanunua kwangu." Akainua kitu kirefu kinachong'aa.

"Hii ni tarumbeta," akasema Bright.

"Nyie munaita tarumbeta. Kwa bakubwa, troti ni hii."

Akapuliza, mbuzi wa jirani akakata kamba. Tukasonga mbele. Wa pili akatuonyesha saa ya ukutani iliyozungukwa na maua ya dhahabu ya plastiki, ambayo kila saa ikigonga hulia sauti ya ndege. Wa tatu akasema alikuwa nazo, zimeisha jana, turudi Jumanne. Jua likapanda, na matumaini ya jeshi letu la watu wawili yakashuka kama upepo kutoka tairi bovu.

Tukafika kwa Jamidah, muuza vitenge. Alikunja uso akafikiri.

"Sebo, bwana, mimi nauza vitenge. Ungetaka kitenge ningekudanganya kidogo kwenye bei. Lakini arusi ya mutu sidanganyi, hiyo kitu siijui. Ingieni ndani mumuulize baba. Alifundisha Kiingereza sekondari mpaka macho yakamchoka."

Nyuma ya duka, kwenye kiti cha kamba, aliketi Mwalimu Sulaiti, amevaa kofia yake iliyoshonwa kwa mkono, anachambua mchele kwenye ungo. Bright akapiga goti moja, akaeleza yote: kijitabu, mkeka, shangazi, spea ya baiskeli. Mzee akaweka ungo chini, akapangusa miwani, nasi tukajua kwamba tumefika kwa mwenye silaha.

"Vijana," akasema, "neno hilo nalijua. Katika Kiingereza kuna maneno yaliyozeeka yakastaafu, yakabaki na kazi moja tu, ile ya kanisani. Hata Waingereza wenyewe leo hawalisemi sokoni. Wanalikuta siku ya arusi kama mnavyolikuta ninyi, na wengi wanalipita hivyo hivyo. Maana yake ni ukweli wa mtu. Ni uaminifu anaouahidi, ambao akiuvunja hakuvunja kitu kingine, amejivunja mwenyewe. Na kwenye kitabu chenu neno lililo mbele yake si kutoa kama unavyotoa mbuzi. Ni kuweka rehani. Ukienda ofisi kubwa, askari anakwambia uache kitambulisho getini, si ndiyo? Unakiacha ili ajue utarudi. Basi hapa unachokiacha getini ni wewe."

"Na inauzwa wapi, mwalimu?" nikauliza, kwa kuwa mimi ni mtu wa vitendo.

"Haiuzwi. Rafiki yako amekuja nayo."

Nikatoka kwenda kuangalia kwenye pikipiki. Niliporudi Jamidah alikuwa ameshikilia mlango kwa kicheko, na mzee anafuta machozi kwa ncha ya kanzu. Bright peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika kichwa.

"Mwalimu, nimeelewa," akasema. "Lakini shangazi anataka kuona. Nitamwekea nini kwenye mkeka?"

"Hilo sasa ni lako. Mimi nilifundisha Kiingereza, sikufundisha mashangazi wa watu."

Hapa ndipo vita vilipokuwa vikali, wasikilizaji wangu, na adui alikuwa ni mimi. Tulipokuwa tukirudi kwenye pikipiki tukapita tena kwenye ile saa ya maua ya dhahabu, na ndege wake akalia wakati ule ule, nami nikaona hiyo ni ishara. Nikamshika Bright mkono, nikamhutubia: "Ee Mshinda-Misumari, kesho ni arusi. Mchele umeshanunuliwa, mahema yameshafungwa, mama yako ameshasuka nywele. Musoki hajui troti, Mchungaji hajui, Kilembe nzima hawajui. Nunua saa hii, ilaze kwenye mkeka, useme ndiyo yenyewe. Italia, atafurahi, na sisi tutakula pilau."

Bright aliitazama ile saa kwa muda mrefu. Nami nasema kweli, alishawishika. Nilimwona akiishika akiipima uzito. Kisha akairudisha mezani.

"Kathembo," akasema, "mzee ametuambia hiyo kitu ni ukweli. Sasa niipeleke na uongo? Yule mama ameshadanganywa mara moja na hiyo neno. Hapana. Washa tuende."

"Funguo unazo wewe," nikasema, maana nilikuwa nimeona haya.

Nilimpenda sana rafiki yangu siku ile, ingawa nilikuwa na hakika kwamba arusi hakuna.

Jua lilikuwa bado juu ya milima tulipoingia Kilembe. Habari zilikuwa zimetutangulia, kama kawaida yake. Baraza la Musoki limejaa, Mchungaji Yosamu amepewa kiti, mkuu wa kwaya amekuja kuona kama ni mkufu, na mkeka umetandikwa. Mbuzi mmoja wa mahari alikuwa amefungwa kwenye nguzo. Blanketi na jembe vilikuwa vimetolewa nje kukaa mahali pake, ili kitakachokuja kipangwe pamoja na wenzake. Shallon alisimama mlangoni, hana cheko la polepole wala la haraka.

"Umeipata?" akauliza Musoki.

"Nimeipata, shangazi."

"Weka hapo."

Bright akavua viatu, akavipanga. Akajipangusa mavumbi ya Muhokya, ya Bwera na ya mbugani. Akapanda juu ya mkeka, akaketi kati ya jembe na blanketi, miguu ameikunja, mikono magotini.

Mbuzi akamtazama.

"Nimesema uweke troti," akasema Musoki. "Sijasema ukae."

"Ndiyo hii, shangazi. Nilitafuta soko nzima, haiuzwi. Mwalimu mmoja wa Kiingereza amenifundisha: hiyo neno ya zamani maana yake ni ukweli wa mutu, na haina mfuko wa kuiweka isipokuwa mutu mwenyewe. Nikisema nampa Shallon, ni mimi nabaki hapa, kama kitambulisho getini. Njia nyingine ya kuionyesha sijui. Angalia vizuri kabla hujapokea."

Musoki akasogea. Akamwinua kidevu akamgeuza kwenye mwanga. Akamtazama meno, kama alivyowatazama mbuzi. Akashika viganja vyake, vyeusi kwa gundi, akavigeuza pande zote mbili. Akamgonga mgongoni kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, na nadhani mlio ulimridhisha, kwa maana hakugonga tena.

"Hii ni ya kukaa ama ya kutembea?"

"Ya kukaa, shangazi."

"Ikiharibika?"

"Ikiharibika, ni mimi nimeharibika. Utaniona na macho."

"Na siku moja ikisema inaenda Kampala kutafuta spea ya baiskeli?"

"Spea za baiskeli ziko hapa Kasese, shangazi."

Hapo Musoki Mwenye Jicho, ngome isiyobomoka, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaketi kwenye ukingo wa mkeka, akacheka mpaka kicheko kikageuka akawa anajifuta macho kwa kitenge, na wanawake wakamsogelea, naye akawazuia kwa mkono.

"Kumbe ndiyo hii," akasema. "Basi yangu haikuletwa kabisa. Miaka yote nasema nimeipoteza. Si mimi niliipoteza. Haikufika."

Mchungaji Yosamu akainamisha kichwa. Alisema, kwa sauti ndogo ambayo hatukujua anayo, kwamba tangu siku hiyo hatamsomesha mtu neno kabla hajalieleza, na kama yeye halijui ataliuliza. Na mkuu wa kwaya, kwa uchungu kidogo, akakubali kwamba si mkufu.

Musoki akanyoosha mkono juu ya kichwa cha Bright kutamka kwamba amepokea, lakini kabla hajatamka tukasikia ndara zikivuliwa mlangoni. Shallon akatoka, akapita mbele ya watu wote, akapanda mkekani akaketi kando ya Bright.

"Toka hapo," akasema shangazi. "Mkeka ni ya vitu vinavyoingia. Bibi arusi hakai kwa mkeka."

"Kitabu kinasema na mimi natoa ya kwangu," akasema Shallon. "Jana niliuliza natoa nini, hakuna aliyenijibu. Sasa nimejua. Na upande wao wakague."

Wazee wakatazamana, maana jambo hilo halikupata kuonekana tangu mkeka wa kwanza kusukwa. Upande wa bwana arusi hatukuwa na shangazi. Mkubwa aliyekuwapo ni mimi. Nikasogea kwa hofu. Nikamtazama Shallon nisijue nianzie wapi, na meno sikuthubutu. Nikamuuliza tu kama ni ya kukaa.

"Ya kukaa, Kathembo," akajibu, na lile cheko lake likarudi polepole, likaenea uso mzima. Bright alilia bila kujificha, na gundi ya viganjani ikampaka mashavu.

Basi wanaoandika tarehe na waandike, na wasioandika washike moyoni: kwamba katika miaka ile ya baada ya gharika ya Nyamwamba, mziba pancha wa Muhokya alitoka na jeshi la mtu mmoja mwoga, akapita tembo, akaishinda tarumbeta, akaishinda saa yenye ndege, akaliteka neno moja la Kiingereza kongwe ambalo lilikuwa limekaa kanisani kwetu bila kukamatwa tangu enzi za shaba, akalileta hai hadi mkekani. Kuna wafalme walioteka miji wakaleta nyumbani machache kuliko hayo.

Na Jumamosi, kanisa likiwa limejaa hadi madirishani, Mchungaji Yosamu alifika pale pale. Akasimama, akalieleza neno kwa Kiswahili na kwa Lhukonzo, taratibu, mpaka bibi wa mwisho nyuma akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Kisha Bright akalitamka, na Shallon akalitamka. Na kutoka benchi la mbele, kabla ya amina ya mtu yeyote, ikasikika sauti ya Musoki:

"Hiyo nimeiona."